Simu ya Anti Kwenye Mfuko wa Aproni Yangu

Simu ilikuwa yake, lakini wiki ile yote ilikaa kwenye mfuko wa aproni yangu, pamoja na pini, uzi mweusi na pipi za kikohozi. Kazi yangu ilikuwa kuvisha waigizaji katika ukumbi mdogo wa maigizo huko Saint Paul, na yeye ndiye aliyenichosha kuliko wote, maana alibadilisha nguo mara nyingi na vifungo vyake vyote vilikuwa mgongoni. Baba yake alikuwa amelazwa hospitalini Manila. Kila alipokaribia kupanda jukwaani alinikabidhi simu na kunirudia maneno yale yale.

"Ikilia, pokea. Ukisikia lolote kuhusu baba, niambie papo hapo. Hata kama niko nusu uchi."

"Na kama uko jukwaani?"

"Nikitoka tu. Usinitafutie wakati mzuri. Haupo."

Nilimwita Anti, kwa kuwa alikuwa mtu wa makamo na mimi nimelelewa Morogoro, siwezi kumwita mama wa watu kwa jina lake. Lakini nilimjua kabla yeye hajanijua. Nilipokuwa sekondari, jioni zetu nyumbani zilikuwa mali ya tamthilia za Kifilipino, na yeye ndiye aliyekuwa yule mwanamke mbaya. Aliwahi kumtilia mwenzake sumu kwenye supu huku akimpangusa jasho kwa leso. Mama yangu alikuwa akisimama mbele ya televisheni, kiuno kimefungwa khanga, anamtukana: "Mshenzi mkubwa wewe, utakufa vibaya!" Siku niliyomkuta kwenye chumba cha mavazi nilitambua kwanza ule unyusi wa kulia, unaopanda peke yake. Sauti ilinivunja moyo. Kwetu aliwekewa sauti nzito ya dada mmoja wa Kiswahili, kumbe ya kwake ni nyembamba na ina mafua.

Nilimpigia Mama nikamwambia ninafanya kazi na nani. Akasema, "Mwanangu, usile chochote atakachokupa." Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania hata kidogo.

Nilipomsimulia Anti alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Alikuwa ameshazoea. Kwao wauza samaki walikataa kumuuzia, na kuna bibi mmoja alimfinya mkono kanisani akimwambia atubu. Yeye aliona fahari, kwamba amefanya kazi yake sawasawa.

Ukoo wao ulikuwa ukiigiza kama wengine wanavyolima. Bibi yake aliimba katika vikundi vya kuhamahama, babu yake alishika kamera, mama yake alikuwa mchekeshaji. Baba yake ndiye aliyekuwa shujaa wa filamu za ngumi, yule anayepigwa risasi kifuani na bado anamfukuza adui. Hakuna aliyewahi kumuuliza Anti kama anataka. Alikuwa akilia mbele ya kamera kabla meno ya utoto hayajang'oka, na alipokua uso wake ukapoteza upole wakampa watu wabaya, akawacheza miaka na miaka. Kisha akaacha kila kitu akaja Minnesota kwa binamu yake muuguzi. Nilipomfahamu, mchana alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea huko Brooklyn Center, na jioni akija kwetu kuigiza.

Sababu ya kuondoka alinieleza siku nilipokuwa nakunja upindo wa gauni lake, pini zimejaa mdomoni, sina namna ya kumkatiza.

Alikuwa mtoto mdogo, wanapiga filamu ambayo baba yake ndiye mwongozaji. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani. Siku ile walikuwa na sehemu moja tu iliyobaki, ya Anti kuzima mishumaa ya keki na kucheka. Asubuhi habari ikafika kwamba mama amefariki. Baba akaipokea, akawaambia wote pale wafunge midomo mpaka sehemu iishe. Shangazi yake akampaka poda huku anajua. Mpiga picha alijua, na hata mleta keki. Mtoto akazima mishumaa, akacheka, wakamwambia arudie, akacheka tena. Ndipo wakamwita pembeni.

"Filamu hiyo bado inaonyeshwa kila Krismasi," alisema. "Watu wananisimamisha njiani kunisifia kicheko. Nilipomuuliza baba kwa nini, alinijibu kwamba siku ile nilikuwa mzuri sana."

Aliwahi kunionyesha kipande chake kwenye simu. Kilikuwa kicheko cha mtoto kilichoishia kwenye kwikwi. Alikizima haraka, na tangu siku hiyo hakukigusa tena.

Nilitema pini zote. Nilikuwa na hasira, na si kwa ajili yake peke yake. Kabla ya kazi ya mavazi nilikuwa kwenye ghala kubwa kule Shakopee, napanga maboksi. Baba yangu alipofariki, nyumbani hawakunipigia mimi. Walimpigia dada Mkenya niliyekuwa nikiishi naye, kwa sababu kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa mwenye msiba; inazungushwa kwanza kwa watu wake, wajipange, wamzunguke, wahakikishe ana nguvu tumboni. Siku ile wakati wa mapumziko yule dada alinifungulia chapati na maharage. "Leo hu-skip lunch, my dear," akaniambia. "Kula hiyo yote." Mwingine akapita akaniongezea paja la kuku. Mwingine akaniletea soda. Mimi nikatafuna kwa raha, nikadhani hatimaye nimepata marafiki Marekani. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba meza nzima hakuna mwingine aliyekuwa akila. Walinipenda, najua. Mpaka leo upendo ule ukinijia nasikia hasira hadi kwenye meno.

Kwa hiyo nilimwambia Anti kwamba na mimi nilifichwa msiba wa baba yangu, nikamwahidi, na niliahidi kwa moyo wote.

Ilikuwa Jumapili, onyesho la mchana, la mwisho. Alikuwa amekata tiketi ya ndege ya Jumanne. Madaktari walikuwa wamesema mzee ana muda, na pale ukumbini hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Alichokitaka ni kimoja: amkute baba yake anasikia, amwambie kuhusu ile poda. Hakutaka kwenda kuyasema mbele ya jeneza.

Mchezo ulikuwa wa kuchekesha. Anti alikuwa mwenye nyumba, mjane, anayelazimishwa kuandaa harusi ya mpangaji wake. Karibu na mwisho alitoka jukwaani akiwa na nguo za jikoni, taa zikazimwa, meza zikapangwa, nami gizani nikamvisha gauni la kijani. Akishaingia na gauni lile hatoki tena mpaka mwisho.

Simu ilitetemeka kabla ya sehemu hiyo. Nilikimbilia kwenye korido, kando ya mashine ya kufulia.

"Wewe ndiye msichana wa nguo?" Alikuwa kaka yake, anaongea Kiingereza cha taratibu.

"Ndiyo."

"Baba hali yake si nzuri. Nakuomba, usimwambie dada mpaka pazia lishuke. Familia yetu ndivyo inavyofanya. Yeye mwenyewe anajua."

Hali si nzuri! Mimi hayo maneno nayajua. Kwetu ukiambiwa hivyo kwa simu, ujue turubai limeshafungwa uani.

"Amefariki?"

"Hapana."

"Kaka, usinizungushe. Mimi natoka nchi ya wazungushaji. Amefariki?"

"Nimekwambia hapana. Lakini hafikishi saa nzima."

"Sikuamini. Weka simu mdomoni mwake."

Nilidhani atakata. Nikasikia shuka linaburuzwa, kisha pumzi. Ilikuwa kama mtu anayevuta gunia sakafuni, anapumzika, anavuta tena. Nilifurahi nusura nipige kelele. Halafu hofu ikanishika, kwa sababu sasa hakukuwa na kisingizio. Alikuwa hai, na kazi ilikuwa yangu.

Kwenye spika ya ukutani niliwasikia watazamaji wakicheka. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wametoka huko na mabuti yao yenye theluji. Msimamizi wa jukwaa, mama mmoja mkali mwenye vipokea sauti kichwani, alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza kwamba wakati wa kubadilisha nguo hakuna maongezi. Nikimwambia Anti, huenda akaanguka, mchezo ukaharibika mbele ya watu wote na mimi nikafukuzwa. Nikinyamaza, atavaa gauni la kijani, atawachekesha watu mpaka mwisho, na mimi nitakuwa nimempaka poda.

"Uko hapo?" kaka akauliza. "Niahidi."

"Siahidi," nikamwambia. "Usikate simu."

Taa zikazimika. Anti akaja mbio, jasho linamtoka, akainua mikono juu kama kawaida yetu. Nikamvua nguo za jikoni.

"Baba yako anakata roho," nikasema. "Kaka yako yuko kwenye simu. Bado anapumua, nimemsikia kwa sikio langu."

Alibaki na mikono juu. Kisha akaishusha, akachukua simu, akaketi juu ya kapu la nguo chafu akiwa na shimizi tu.

Taa za jukwaani zikawaka. Bwana harusi alikuwa peke yake mezani, anamsubiri mama mwenye nyumba ambaye haji. Msimamizi akatutokea akinong'ona kwa ukali. "Anafanya nini? Yuko wapi?"

"Anazungumza na baba yake."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi." Nilijisimamisha katikati yao na gauni mkononi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, ila nadhani yule mama angenisukuma ningempiga.

Anti aliongea kwa lugha yao. Sikuelewa neno, ila unyusi wa kulia ulipanda na kidole chake kikawa kinachoma hewa, nikamwona yule mwanamke wa televisheni kama alivyo. Alikuwa anagomba. Niliingiwa na hofu kwamba dakika za mwisho za mzee zitaishia kwenye kufokewa, na kwamba mimi ndiye niliyezileta. Upande wa pili bwana harusi alikuwa ameanza kukunja vitambaa vya meza kimoja kimoja, na watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Kisha Anti akanyamaza. Alisikiliza muda mrefu, simu imegandamizwa sikioni, macho amefumba. Nilijua anachosikiliza.

Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko cha mjane mwenye nyumba, wala cha mwanamke mbaya. Kilikuwa kidogo, cha mtoto, na kiliishia kwenye kwikwi. Nilikitambua.

Akainuka, akanirudishia simu. "Usikate," akasema, akainua mikono.

Nilimfunga vifungo haraka haraka, nikaruka kimoja. Akaingia kwenye mwanga, na bwana harusi akamwambia kitu ambacho hakikuwa kwenye mchezo, kwamba amechelewa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikasimama nyuma ya pazia jeusi nikiinua simu kuelekea jukwaani, ili yule mzee asikie. Kaka yake hakunizuia. Msimamizi aliniona na simu juu, akageuka akaendelea na taa zake.

Kila mara niliirudisha sikioni. Gunia lilivutwa, likapumzika, likavutwa. Mapumziko yakawa marefu. Mara moja nilisikia kishindo cha makofi katikati ya mchezo, na nilipoweka sikio hapakuwa na kitu. Nilisubiri. Nikaanza kusikia mtu mzima akilia.

"Amekwenda," kaka akasema. "Sasa tafadhali, mwache dada amalize hata salamu kwa watu."

Neno la mwisho likasemwa, taa zikazimwa. Waigizaji wote wakatokea upande wangu kujipanga, maana desturi ni kurudi pamoja kuinamia watazamaji. Anti alikuwa wa kati. Alinitazama usoni.

"Baba yako amefariki," nikamwambia.

Katika maisha yangu sijawahi kusikia mtu akisema hivyo, waziwazi, bila kuzunguka. Nilihisi nimemtukana.

"Sema tena."

"Amefariki, Anti. Sasa hivi, ulipokuwa unacheza."

Wenzake wakaingia kwenye mwanga wakishikana mikono, wakaacha nafasi yake katikati. Makofi yakapanda. Hakwenda. Alirudi akaketi juu ya kapu la nguo chafu, na gauni lile la kijani likajikunja lote. Msimamizi alimwangalia mara moja, akapita.

"Alikuomba radhi?" nilimuuliza. Si swali la kumuuliza mfiwa, lakini nilitaka kujua.

"Hakuwa na sauti. Nilimwambia yote, kisha nikampa kicheko chake, arudi nacho." Machozi yalikuwa yakimshuka taratibu, wala hakuyapangusa. "Alikuwa ananisikia. Pumzi yake ilibadilika."

Akasogea kidogo kunipa nafasi. Nikaketi. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, sasa wanampigia miguu sakafuni wakimwita atoke.

"Na wewe," akauliza, "wa kwako walikuambia wapi?"

"Kwenye gari, tukitoka Shakopee," nikasema. "Nikiwa nimeshiba."