Bonde Nililolipita kwa Miguu

Tangu Ijumaa sijaandika neno kwenye kundi letu la familia, kwa kuona haya. Waliuliza humo kama bonde la Yiti linafaa kutembeza watoto wadogo. Nikajibu, "Nshalipita lote kwa miguu," nikaweka na picha.

Basi tukaenda, mimi mbele na chupa ya kahawa mkononi. Hatujafika mbali, tukakuta njia imezibwa na jabali linalonipita kimo. Kina mama wakawashika watoto wao. Nikasema labda limeshushwa na mvua.

"Kwani siku ile halikuwapo?" akauliza dada yangu.

Binti yangu wa miaka sita akamjibu:

"Siku ile hatukushuka garini, shangazi. Baba alisema nje joto."