Mlango Uliokwenda Rehani

Jirani yangu Chausiku binti Mwinjuma alikuwa mpika vitumbua hapa Temeke, na tangu vita vya Hitla viishe alikuwa na hamu moja: afungue hoteli ya chai nyumbani kwake, pale barabarani wanapopita makuli wakienda bandarini. Mkono wa kupika alikuwa nao. Alichokosa ni mtaji, yaani birika kubwa, vikombe, mabenchi na gunia la sukari.

Kukopa hakukuwa rahisi. Kwa sheria ya Mwingereza, mwenye duka aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuwa na pa kumshitaki, basi kila mmoja alitaka rehani. Na nyumba ile ya udongo na makuti ilikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: mlango wa mninga, kazi ya mikono ya marehemu baba mkwe wake. Asubuhi moja Chausiku akaung'oa, akaupakia kwenye mkokoteni, akaupeleka mjini, akarudi na birika, vikombe na mabenchi.

Jioni mumewe, Mfaume, alirudi kutoka kazini Kurasini, akaduwaa.

"Mlango uko wapi?"

"Umekwenda mjini kutafuta kazi," Chausiku akamjibu. "Kaa unywe chai, baba."

Mfaume hakucheka. Alisema mwezi wa Rajabu ukiandama mlango wa baba yake haujarudi, Chausiku ndiye atakayerudi kwao. Maskini Chausiku, alikuja kwangu kuazima kanga ya kutundika pale mlangoni.

Lakini nyumba isiyo na mlango hulindwa. Mfaume akawa analala kizingitini, na alfajiri wapita njia wakimkuta pale pale. Naye ana domo. Makuli wenzake walisimama kumcheka, wakakaa, wakanywa, na kesho yake wakaja na wenzao. Mabenchi yakajaa. Waliniharibia tuta langu la mchicha, nikawatolea maneno, wakaniitikia shikamoo na kuendelea kunywa.

Rajabu haijaandama, Chausiku alikwisha kulipa deni lote. Mlango ukarudi, Mfaume akaupachika mwenyewe, akaupaka mafuta ya nazi ukang'aa.

Kulipokucha hakuingia mtu. Waliuacha wazi, haikusaidia. Penye mlango ni nyumbani kwa watu, sharti upige hodi, na mwanamume mwenye adabu haingii kwa mke wa mtu kutaka chai. Wawili walibisha, wakauliza kama pana msiba, wakaenda zao. Vitumbua vikapoa kwenye sinia. Chausiku alikaa karibu na moto, na mie roho iliniuma.

Mfaume akavitazama vitumbua. Akautazama mlango wa baba yake. Kisha akaanza kuung'oa.

"Unaupeleka wapi?" Chausiku akauliza.

"Mjini. Birika moja halitoshi."

Chausiku akaivua kanga ya begani, akaisokota, akamtengenezea mumewe kata ya kichwani ya kuubebea mlango.