Mchonga Funguo na Maswali ya Mkewe

Kibanda cha mchonga funguo kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo mtu mrefu hana budi kuinama. Ndani mna mashine ya kukatia funguo, tupa kubwa na ndogo, ubao wenye funguo mbichi, zisizochongwa bado, zinazoning'inia, na stuli mbili. Stuli ya pili siku hizi haina mwenyewe. Ilikuwa ya mkewe, aliyekuja kila alasiri na fuko lake la sare za shule, akakaa kupachika vifungo huku mumewe akimsomea hadithi.

Ndiyo, hadithi, na usicheke. Mtu kuwa na vumbi la shaba kwenye kope si kusema kichwani mwake mna shaba tupu. Huyu bwana ameandika hadithi fupi tangu ujanani, nyuma ya karatasi za matangazo zilizobaki, na watu wanaopanda ngazi zile kila siku hawana habari. Wao wanamwita Mzee Funguo, wanamtupia salamu na kupita.

Mkewe alikuwa msikilizaji wa aina yake. Hakuwa na "nzuri" wala "mbaya". Yeye aliuliza tu, macho yakiwa kwenye sindano. "Ehe, na mvua ilikuwa imekatika?" "Ehe, huyo mama mkwe alikuwa amekaa upande gani?" Hadithi ikiisha bila swali hata moja, mume alijua imekufa, akaichana bila kinyongo. Lakini akiulizwa alijibu, na jibu lake akalichomeka papo hapo kwenye karatasi, vilevile kama lilivyomtoka mdomoni. Ndiyo maana hadithi zake zilikuwa na kituko kimoja: unasoma vizuri, mara unakumbana na "Hapana, ilikuwa bado inanyesha," na humo ndani hakuna aliyeuliza. Fundi mwingine wa kuandika angelisuka jibu ndani ya habari yenyewe. Yeye hakujua, na wa kumwambia hakuwepo, maana msomaji wake alikuwa mmoja na maswali yalikuwa ya huyohuyo.

Basi mkewe akaugua. Hata alipokuwa hawezi tena kushika sindano aliletwa kibandani, akaketi na shali mabegani. Hadithi ya mwisho aliyosomewa ilikuwa ya mtu anayehama nyumbani kwao alfajiri, watu wote wamelala. Alisikiliza mpaka nusu, akakohoa, akauliza, "Ehe, alikuwa amevaa viatu?" Mumewe akasema, "Hapana, alivibeba mkononi," akaliandika. Mwezi haukwisha, naye mama wa watu akaenda zake.

Akabaki mpweke. Binti yake ameolewa mbali, na shemeji yake, kaka wa marehemu, huja tu akiwa na kufuli la kutengenezewa. Aliandika hadithi nyingine, akaisomea ile stuli, akaona anajifanya kichekesho. Hapo ndipo wazo la kutafuta pa kuchapishwa lilipomwingia. Umaarufu hakuutaka, angeupeleka wapi? Alichotaka ni mtu, popote alipo, asome afike mahali aulize kitu.

Akapeleka karatasi zake kwa msichana wa stesheneri ya jirani, ambaye alizipiga chapa huku simu ya mchumba imebanwa begani, kwa hiyo kutoka kwake yasitarajiwe maswali. Wakazituma huku na huku. Redio wakasema wanataka hadithi zenye mafunzo. Jarida la walimu lilijibu kwa adabu nyingi kwamba lilishakufa. Wengine hawakujibu kabisa, na jamani, hakuna kinachomchosha mtu kama kungoja jibu la mtu ambaye huenda hata hajui kama unangoja. Alijikaza, akatuma kwenye ukurasa wa hadithi wa gazeti la Jumapili, akarudi kwenye tupa zake.

Mhariri wa ukurasa ule, mwanamke mwenye sauti ya haraka, akapiga simu.

"Shikamoo mzee wangu. Hadithi yako ya yule aliyehama alfajiri nimeipenda. Ila kuna sentensi zinanitatiza. Hapa unasema, 'Hapana, alivibeba mkononi.' Unaongea na nani?"

Mchonga funguo aliiweka tupa chini. Miaka yote ile hakuwahi kuona kwamba anaongea na mtu.

"Ni makosa yangu, mama," alisema. "Nitaziondoa."

Akaziondoa. Kazi ya kupunguza anaijua vizuri: tupa ikila chuma kupita kiasi, hukirudishi, unautupa ufunguo na kuanza upya. Alikata jibu moja, akakata la pili, akafika kwenye viatu. Hapo alikaa na kalamu mkononi mpaka mteja akagonga meza kumzindua. Kisha akapiga moyo konde, akakata na lile.

Hadithi ikatoka. Aliisoma amesimama, na kwa kweli ilikuwa safi, haina mkwaruzo popote. Shemeji alikuja akampiga mgongoni, "Kumbe shemeji wewe ni mtu mkubwa, halafu unatuchajia kufuli kama mtu mdogo." Mlinzi wa jengo akampa mkono. Binti akapiga simu, "Hongera baba, nimeisoma, nzuri sana," halafu mtoto akalia kule, akaaga. Msichana wa stesheneri akalibandika gazeti ukutani kwake.

Nzuri. Nzuri sana. Hongera. Wiki nzima alipokea hongera, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitu. Mchana mmoja alikaa nalo gazeti mapajani, akakumbuka kipimo chao cha zamani, na roho ikamuuma vibaya. Alilikunja alichane. Mkono ukakataa. Akachukua simu.

"Uliniuliza naongea na nani," alisema.

"Samahani, nani mwenzangu?"

"Mchonga funguo. Hadithi ya alfajiri."

"Aa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikwambia ni makosa yangu. Hayakuwa makosa. Nilikuwa namjibu mke wangu. Nikimsomea alikuwa ananiuliza, namjibu, naandika. Sasa hayupo, na mimi nimemtoa hata mle alimokuwa amebaki."

Upande wa pili palikuwa na kelele za ofisi, watu wanaitana, mlango unafungwa. Kisha kelele zikakoma. Mzee alidhani simu imekatika, akaitoa sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Pale kwenye viatu," mhariri aliuliza, na sauti yake haikuwa na haraka tena, "kwa nini alivibeba?"

Mchonga funguo aliivuta stuli ya pili, akaisogeza karibu na magoti yake.

"Asiwaamshe," alisema. "Sakafu ya kwao ilikuwa ya mbao."

"Ehe," mhariri akasema, akangoja aendelee.