Ubaya Mmoja Mdogo

Sisi Waswahili tuna methali za kutosha kumtisha mtu asifanye lolote. Bandu bandu huisha gogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kidogo, tukiulizwa sisi, ni kikubwa ambacho bado hakijakua. Ndiyo maana methali niliyofundishwa na mama mmoja wa Kifini ilinivuruga akili, na sijui kama zimekaa sawa mpaka leo.

Ilikuwa Durban, miaka ile ya mwisho ya tisini. Mimi nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya dada mmoja Mrundi pale Overport, na Jumamosi asubuhi aliniruhusu kwenda kwenye ukumbi wa kanisa jirani kujifunza Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa ndiye mama huyo wa Kifini, mtu mzima, amestaafu, mweupe mpaka kope, na joto la Durban lilimtesa kama deni. Tulimwita Ticha. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, nasi tukakimeza kama kilivyo, na ninaamini hata sasa kuna Mkongo fulani huko Pinetown anayezungumza Kiingereza cha Kifini bila kujua.

Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta nyuma ya mlango wa jiko la kanisa, shavu limevimba, anatafuna. Aligutuka kama mtoto aliyefumwa kwenye kopo la maziwa. Ndipo akacheka na kusema kwa lugha yake: *Pitäähän ihmisellä joku pahe olla.* Akanifasiria kwamba kwao watu husema hivyo kwa utani: binadamu hana budi kuwa na ubaya wake mmoja, mdogo, usiomdhuru mtu.

"Ubaya?" nikamuuliza. "Yaani dhambi?"

"Hapana, si dhambi! Kitu kidogo tu unachokipenda, na unajua ungeweza kukiacha."

Akanipa kimoja nionje. Kilikuwa pipi nyeusi tititi, ambayo dada yake alimtumia kwa posta. Nilidhani nitapata utamu, nikapata chumvi, moshi na kitu kama amonia kinachopanda puani. Nilikimbilia dirishani kutema. Sasa nikachanganyikiwa mara mbili. Kwanza, mwalimu anayefundisha kanisani anasema mtu lazima awe na ubaya, wakati pasta wetu kila Jumapili alitukumbusha kwamba dhambi haipimwi kwa kilo. Pili, kama huo ndio ubaya wao, basi adhabu yao ikoje?

Kule saluni nilimsimulia yule dada Mrundi, tajiri wangu. Alicheka mpaka akaangusha kitana. "Eish, mmoja tu? Mi niko nayo saba, nitupe ipi?"

Lakini mimi sikuwa nacheka sana, maana methali ile nilikuwa nimeshaipangia kazi. Nilitaka kumpelekea mama yangu.

Mama na mimi tulikaa Berea, chumba kimoja katika fleti tuliyogawana na familia nyingine mbili. Vita vilipoingia Bukavu tulikimbia pamoja na kaka yangu, na njiani kaka akarudi nyuma kumchukua bibi. Alisema tutangulie. Tulitangulia, tukatangulia, mpaka tukafika Durban, na habari yake hatukuipata. Mama akamwekea Mungu nadhiri: hataonja sukari mpaka amwone mwanawe.

Ukiwa humjui mama yangu utaona ni jambo dogo. Kwetu majirani walimtania kwamba yeye hanywi chai yenye sukari, anakunywa sukari yenye chai. Chai ndiyo iliyokuwa kikao chake, umbea wake na kicheko chake. Baada ya nadhiri aliinywa chungu, haraka, huku amesimama. Akaacha kwenda kwa watu, kwa sababu kila nyumba ya Mkongo utasukumiwa bakuli la sukari, na ukikataa itabidi ueleze, na kueleza kulimuua. Alikonda, akanyamaza. Niliichukia nadhiri ile, nasema wazi. Nilimtaka mama yangu wa zamani. Na papo hapo niliogopa kwamba siku atakayotia sukari kikombeni ndiyo siku atakayokuwa amemzika kaka yangu moyoni. Kwa hiyo nilitaka aonje, na nikaomba asionje.

Nilipomwambia methali ya Ticha akauliza:

"Ule Muzungu ni wa kanisa gani?"

"Sijui, Mama."

"Nitaenda kumuona. Mtu anaambia watoto wa watu wakuwe na ubaya!"

Jumamosi iliyofuata akavaa kitenge chake cha ibada, akaja. Ticha alimpokea kwa mikono miwili. Mimi nilisimama katikati yao kama mkalimani, jasho linanitoka, maana mama alikuwa amekuja kugomba na mwenzake alidhani amekuja kusalimia.

"Mwambie mi sikulaka sukari," mama akasema. "Niko na nadhiri. Ubaya wake abaki nao."

Nikatafsiri kwamba yeye hali sukari, ule mwisho nikiulainisha. Ticha akafikiri, akatoa kijisanduku chake cha pipi. "Mwambie hii ni ya chumvi," akasema.

Mama akachukua moja kwa heshima, kama mtu anavyopokea dawa, akaiweka mdomoni. Nikaondoka karibu na dirisha ili nimpishe. Hakutema. Alifumba macho, akakaa hivyo.

"Ni kama dawa ya minyoo," alisema mwishowe. Kisha akanyoosha mkono. "Aniongeze."

Tangu hapo akawa mwanafunzi. Alikuja kila Jumamosi, akapata Kiingereza kidogo na pipi chache, ambazo alizifunga kwenye pindo la kitenge. Aliziita ubaya wake. "Nipe ubaya wangu," alikuwa akiniambia asubuhi. Na alianza tena kutembelea watu! Aliweka pipi shavuni, akanywa chai yake chungu juu ya pipi, na akiulizwa kuhusu sukari alisema yeye siku hizi anatumia chumvi ya Wazungu, watu wakacheka, naye akacheka nao. Nilikuwa nikimsikia kutoka ngazini, nikisimama tu kusikiliza.

Halafu Ticha akatuambia mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nikamuuliza pipi zile zinatengenezwa na nini, labda tungepata zinazofanana hapa Durban.

"Mizizi fulani," akasema, "na chumvi ya aina yake. Na sukari, bila shaka. Sukari nyingi. Si ni pipi?"

Nilitoka pale nikasimama kwenye taa za magari za barabara kubwa, robot kama wanavyoziita kule. Ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na mimi nipo pale pale, watu wananipita. Nadhiri imevunjwa, tena kwa mkono wangu, maana methali niliileta mimi. Nikimwambia, nitamnyang'anya pipi na kicheko pamoja. Nikinyamaza, nani anajua Mungu anafanya hesabu gani na kaka yangu huko aliko? Nilimkasirikia Ticha, nikamkasirikia Mungu, nikarudi kazini nikamsuka mteja upande mmoja mistari iende mbele na mwingine nyuma. Ilibidi nifumue.

Jioni nilimkuta mama anachambua maharage kwenye ungo. Sikuweza kuzungushazungusha maneno.

"Mama, ile bombon iko na sukari."

Hakuinua kichwa. Alitupa kijiwe pembeni. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Unazani ulimi yangu ilisahau sukari?"

Nikaketi chini. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki. "Basi umeacha kumngoja?"

Hapo aliniangalia, na alikuwa amekasirika kweli. "Nani anasema nimeacha? Kama ningeacha, si ningetia kwa chai?"

Sikuelewa. Niliigeuza hesabu hiyo huku na huku na haikukubali: nadhiri ilikatazaje sukari ya chai na kuruhusu ya pipi, na Mungu alikubali lini? Mama aliendelea na maharage yake. Baadaye akafungua pindo la kitenge, akatoa pipi ya mwisho, akaing'ata katikati, akanipa nusu. Niliitafuna yote safari hii, machozi yakinitoka, sijui kwa amonia au kwa nini.

"Lakini kaka yako akifika," akasema, "usimwambie."

Nilimwahidi. Mama sasa amelala katika udongo wa Durban, na siri hiyo ninayo bado, kwa sababu yule wa kufichwa hajafika.