Kadi za Binti ya Nzilani

Nitasema wazi: Mama Kiragu sikumpenda, na hata leo simpendi. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Emali, na ukimsalimu huitikia kana kwamba salamu nayo inauzwa kwa kilo. Mimi nakaanga viazi kando ya cherehani ya Nzilani, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Nzilani alizaa binti na Kiragu, mtoto wa pekee wa mama huyo. Harusi hakuna, mahari hakuna, na Kiragu alikuwa akipita mbele yetu huku ameinamia simu. Wengine wakipata mtoto huweka picha kwenye simu dunia nzima ione. Nzilani alisema habari ya simu hufutwa. Akakata karatasi za manila, akazipamba kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kazini, akavishonea kwa cherehani hadi sindano ikawa butu. Katikati aliandika kwa mkono wake: "Wangechi amezaliwa. Binti ya Nzilani na Kiragu. Karibuni uji."

Wangechi ndilo jina la Mama Kiragu. Kwao Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na nyanya huhesabiwa amezaliwa tena. Sisi Wakamba hatuko mbali na desturi hiyo. Nilimwambia, "Nzilani, hawa watu hawajaleta hata kibiriti. Unawapa jina kabla waombe?"

Akanijibu, "Jina ikishajulikana soko mzima, watamkana aje?"

Alitaka mtoto awe na kwao. Ni hilo tu alilotaka, nami nilimwona mjinga.

Kadi zilitembea soko lote. Kesho yake Mama Kiragu akaja amezikusanya kibanda kwa kibanda, akazimwaga juu ya cherehani mbele ya wateja.

"Nani alikupa ruhusa ya jina yangu?"

"Si ni desturi yenu, mama."

"Usiniite mama. Desturi ni ya mke. Wewe ni mke wa nani hapa?"

Nzilani akamtazama Kiragu, aliyesimama nyuma ya mamake. Sote tulimngoja aseme, mimi na mwiko mkononi. Kiragu akasema, "Mum, twende, duka imebaki wazi." Mwanamume mzima, na ndevu zote zile. Nilikasirika hadi viazi vikaungua.

"Toa jina yangu kwa huyo mtoto," akasema Mama Kiragu. "Sitaki kuisikia kwa mdomo ya mtu."

"Nitatoa," Nzilani akasema. "Lakini ikitoka, imetoka."

Alasiri hiyo alishonea utepe mweupe juu ya jina, kadi moja baada ya nyingine, kwa mshono mdogomdogo ule wa kola. Juu ya utepe akaandika Kavindu, jina la mama yake mzazi. Kadi zikarudi sokoni. Yeye hakulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Baadaye Kiragu alimwoa Yvonne, harusi ya mahema na keki. Yvonne akazaa mvulana, akazaa mvulana wa pili, kisha wakasema wametosheka. Hapo ndipo Mama Kiragu alipoikumbuka njia ya kwetu.

Alikuja juzi na kiondo cha njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwao hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Mtoto mwenyewe sasa ni wa shule, anasoma na kuandika. Njahi za nini tena? Niliendelea kugeuza viazi nisije nikafungua mdomo.

"Nzilani, mama yangu," akaanza, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Nimezeeka. Nikienda, hakuna mtu ataitwa mimi. Muongezee tu hiyo jina. Hata ikiwa ya pili, ni sawa."

Nzilani akakata uzi kwa meno. Akabandua kadi moja aliyoiweka ukutani miaka yote hiyo, akampa. Mama Kiragu akapapasa utepe, akajua kilicho chini yake. Akaanza kuufukua kwa ukucha. Mshono haukulegea.

"Nipatie mkasi," akasema.

"Mkasi ni ya nguo."

Akaendelea kukwaruza. Kavindu, aliyekuwa chini ya meza akifanya kazi ya shule, akainuka, akamshika mkono taratibu. Akamwita nyanya, vile watoto wa Kikamba humwita kila mwanamke mzee apitaye sokoni, awe wao au asiwe wao.

"Susu," akasema, "unaharibu jina yangu."

Mama Kiragu akaiweka kadi juu ya meza. Nzilani akamrudishia kiondo na njahi zake, akavuta kitambaa, akaendelea kushona.