Oili Hupimwa Tambarare

Pikapu ya baba ni ya zamani kunizidi mimi, na mimi si mtoto. Starta yake ilikufa siku nyingi, kwa hiyo hulala juu ya mteremko wa nyumbani kwetu Endagikot, pua ikitazama bondeni, ili ukiachia breki iserereke na kuwaka. Mama ndiye alikuwa dereva hasa. Kila siku ya mnada alipeleka vitunguu saumu Dongobesh, mpaka siku moja injini ikanoki njiani, ikagongagonga kwa ndani, ikazima, ikagoma kabisa. Baba alitafuta injini nyingine kuukuu, akatia ufunguo mfukoni mwake na kutangaza kwamba mama ni muuaji wa injini. Miaka minne mama akabeba vitunguu kwa bodaboda. Kila nilipomwona amekumbatia gunia huko nyuma nilikasirika upya.

Mwaka juzi, nikiwa nyumbani likizo, jiwe lilitoboa sampo, lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini. Fundi alitoka Dongobesh, kijana mpole aliyempa baba shikamoo mara mbili kwa woga. Alizuia matairi kwa mawe, akaingia uvunguni, akafungua sampo, akaenda kuichomelea, kisha akarudi kuifunga na gasketi mpya. Akaanza kumimina oili. Dumu halijafika hata nusu, baba akachomoa stiki ya kupimia.

"Tosha! Imejaa."

Fundi alilitazama dumu, akamtazama baba. "Samahani mzee, labda tungeipima tambarare."

"Naipima hapa hapa tangu hujazaliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanichemka. Pua ikiinama, oili yote hukimbilia mbele, na stiki huingia huko huko mbele. Miaka yote hiyo stiki ilisema imejaa, kumbe injini ina kiu. Mimi sina adabu ya fundi. Nilimwambia baba kama ana uhakika aiserereshe pikapu mpaka chini, kwenye tambarare, tupime mama akiona. Baba ni mkaidi, na mkaidi hakatai shindano.

Tuliteremka wote, mama mikono ingali na unga. Baba akachomoa stiki. Ilikuwa na tone moja tu kwenye ncha. Akaipangusa kwa shati, akachovya tena, na tena. Mara ya nne akakaa kwenye bampa.

"Kumbe ile injini niliiua mimi," akasema. "Nikakusingizia wewe. Nisamehe, mama."

Sikuwahi kumsikia baba akiomba radhi, na nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Mama alisubiri fundi amimine oili yote, akanyoosha mkono, akapewa ufunguo, akapanda. Pale chini hapakuwa na mteremko wa kutusaidia, kwa hiyo baba akazunguka nyuma, akainama kati yangu na fundi.

"Sukumeni kama watu waliokula!" mama akapiga kelele dirishani.

Pikapu ikakohoa, ikawaka, ikashika njia ya Dongobesh bila kutusubiri. Baba alibaki amesimama barabarani, shati lote oili, akisikiliza mlio ukibadilika kila mama alipopandisha gia.

"Hajasahau hata moja," akasema, akaanza kucheka.