Mvi za Mbwa Wetu

Mbwa wetu alikufa mwezi wa Februari, asubuhi, kwenye meza ya daktari wa wanyama kule Evere, kichwa chake kikiwa kiganjani mwangu. Figo zilikuwa zimegoma. Daktari aliniuliza kama kuna mtu ningependa kumpigia simu, nikamwambia hapana. Mtu pekee wa kumpigia alikuwa mume wangu, naye alikuwa ameshahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Woluwe, kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau.

Mbwa alikuwa wake kabla ya kuwa wangu. Mimi nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti. Mama yangu angemkuta mbwa juu ya kochi, angehama yeye. Mume wangu ni Mbelgiji aliyezaliwa Katanga na kufundisha hesabu huko ujanani. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, chake cha Lubumbashi na changu cha pwani, na miaka yote tumeishi tukichekana matamshi. Siku alipomleta nyumbani, huku kwao tulikohamia, yule mbwa jike mweusi aliyetelekezwa na wenyewe, nilimwambia achague: mimi au mbwa. Alicheka tu, akaenda kumtafutia bakuli. Haukupita muda mrefu nikawa siwezi kupika bila yule mbwa kunilalia miguuni.

Kila nilipokwenda Woluwe, nilikwenda naye. Kuna siku jina langu lilimpotea mume wangu, lakini mbwa hakumpotea hata mara moja. Akisikia tu kucha zikigonga sakafu ya ukumbi, uso ulimfunguka kabla hatujafika mlangoni. Kwa hiyo nilipoingia peke yangu mara ya kwanza, hakunisalimu.

"Imbwa iko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Mvua."

Muuguzi wa pale ndiye aliyenishauri nimfiche. Ukimwambia, alisema, atalia, atasahau, kisha utamwambia tena na atalia upya. Nikasingizia mvua. Safari iliyofuata nikasingizia mguu wa mbwa. Nikaona sitaweza kuendelea hivyo.

Nilikuwa nimejifunza pasteli, zile chaki laini za rangi, katika madarasa ya jioni ya manispaa. Nilikuwa nimechora mapeasi, birika, viatu vyangu. Mbwa sikuwahi. Nilitafuta picha aliyopigwa zamani, msituni, akiwa kijana mwenye mdomo mweusi tii, nikabandika karatasi ya kijivu mezani jikoni nikaanza. Nilidhani mweusi ni mweusi. Kumbe manyoya yake yalikuwa na bluu mgongoni, kahawia shingoni, na zambarau hafifu pale mwanga wa jua ulipomwangukia. Nilikuwa nimemsugua na kumwosha miaka mingi, na sikuwahi kuiona ile zambarau. Macho yalinisumbua kuliko vyote. Yalikuwa mazuri lakini hayakumwona mtu. Hatimaye nikaweka nukta ndogo nyeupe kwenye jicho la kushoto, na ghafla akanitazama. Niliketi sakafuni nikalia kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekizuia kwa daktari.

Nilimpelekea mume wangu siku ya Jumapili. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama mpaka nikaanza kuona haya.

"Uyu ni nani?"

"Mbwa wetu."

"Hapana, maman. Uyu iko mutoto. Yetu ilikuwa muzee. Ilikuwa na mvi ku mudomo, mpaka chini ya macho."

Ni kweli, mvi sikuzichora. Sikuweza. Akainua kichwa, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikichelewa kurudi nyumbani.

"Alikufa?"

Niliukumbuka ushauri wa muuguzi. Lakini aliyeniuliza alikuwa mume wangu, mzima, yuko pale.

"Ndiyo. Amekufa."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye. Nilimshika kichwa."

"Bon, muzuri," akasema. "Bon." Nilivua viatu nikapanda kitandani kando yake, tukalia pamoja. Tangu mbwa afe sikuwa na mtu wa kulia naye.

Baadaye akaniambia nilete chaki. Zilikuwemo mkobani. Alinielekeza kwa kidole: hapa, na hapa, doucement, polepole, upande huu zaidi, ndiko zilikoanzia. Nikaziweka mvi zote mahali pake, na mbwa akawa wetu.

Wiki iliyofuata alikuwa amesahau kila kitu. Aliuliza tena mbwa yuko wapi, nami nikamwekea picha mapajani. Hakulia. Aliipapasa tu, kuanzia paji la uso kwenda nyuma, kama alivyozoea. Pasteli haivumilii mkono, ikawa inatoka. Muuguzi akajitolea kutafuta fremu ya kioo, nikamshukuru nikakataa.

Siku hizi haulizi habari za mbwa, wala zangu. Ananiita madame, kwa adabu, kama mgeni, na kunikaribisha kiti. Jumapili iliyopita nilimkuta amesinzia kwenye kiti cha dirishani, mkono juu ya picha, na sikio moja la mbwa limefutika kabisa. Niliuondoa mkono wake taratibu, nikatoa chaki, nikalichora upya palepale mapajani pake, polepole, nisimwamshe.